Gurudumu Lisilopumzika: Baiskeli ya Uwanja wa Mbio na Baiskeli ya Njia ya Tabora

Mwendesha baiskeli anaporudi mjini Tabora kutoka vijijini, kila afikapo penye mteremko huacha kukanyaga pedali. Miguu yake hutulia, baiskeli huendelea kwenda, na kutoka katika gurudumu la nyuma husikika mlio mwembamba, ti-ti-ti-ti, ambao watoto wa shule huuiga kwa ulimi. Mlio huo ni wa friwili, yaani kile kifaa kidogo chenye meno kilichofungwa katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Wengi huisikia maisha yao yote bila ya kujiuliza kazi yake.

Lakini ipo baiskeli isiyotoa mlio huo kamwe. Nayo ni baiskeli ya kushindania katika velodromu, yaani uwanja wa mviringo uliojengwa mahususi kwa mbio za baiskeli. Haina friwili. Gurudumu lake la nyuma na pedali zake ni kama kitu kimoja: gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, apende mwendeshaji asipende. Zaidi ya hayo, haina breki hata moja. Fundi wa chini ya mwembe akiletewa baiskeli kama hiyo angedhani imenyang'anywa vipuri njiani. Hata hivyo haikupungukiwa na kitu, na mashine za namna hii zilizoundwa miaka hamsini au sitini iliyopita bado hutunzwa na kuendeshwa na wapenzi wake katika viwanja vya Ulaya na kwingineko.

Tabora haina velodromu. Ina kitu kingine kinachofaa kulinganishwa nayo: njia nyembamba ya kale ambayo baiskeli ilirithi kutoka kwa wapagazi.

Njia ya mtu mmoja mmoja

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji, haikuwa barabara kwa maana ya leo. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ujia wa upana wa nyayo, ambapo kirangozi alitangulia na wapagazi wakafuatana nyuma yake mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake begani au kichwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chakula, chungu na mkeka wa mpagazi mwenyewe. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Kwihara Juni mwaka huohuo, na mwendo huo ulihesabiwa kuwa wa haraka.

Kwa nini hawakutumia magari ya kukokotwa? Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o, ambaye aliwaua ng'ombe na punda katika mapori ya miombo. Sababu nyingine ilikuwa ule ujia wenyewe. Gari lenye magurudumu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu lahitaji njia pana iliyosawazishwa pande zote mbili. Baiskeli haihitaji hivyo. Magurudumu yake yamefuatana kama wapagazi walivyofuatana, na upana unaolitosha gurudumu moja huitosha baiskeli nzima. Ndiyo maana iliweza kupita palepale palipopita nyayo, bila ya kungoja mhandisi.

Ni jambo la kuhuzunisha kidogo kuona jinsi tarehe zinavyopishana. Mwaka 1885, pembe za ndovu zilipokuwa zingali zikitoka Unyanyembe mabegani mwa watu, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaolizungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Hivyo baiskeli tunayoijua ilikuwa imekwisha kamilika kwa mambo yake makuu. Lakini kilichokuja kuumaliza upagazi wa masafa marefu ni reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baiskeli ilichukua kazi iliyobaki: kufikisha mzigo kutoka shambani hadi kituoni, na kutoka mzinga wa nyuki hadi sokoni.

Mtu anayetembea hutumia nishati takriban mara tano ya ile ambayo angeitumia kwenda umbali uleule kwa baiskeli, njia ikiwa ngumu na tambarare. Anapotembea, mwili wake huinuka na kushuka katika kila hatua, na misuli ya miguu hufanya kazi hata ya kuushikilia tu uzito usianguke. Juu ya baiskeli uzito huo hukaa juu ya tandiko, na kazi inayobaki kwa miguu ni ya kusukuma mbele. Baiskeli ya keria imara hubeba gunia la kilo 100, ambayo ni mizigo ya wapagazi watatu, na shingo ya mtu haiguswi.

Kazi ya friwili

Baiskeli zote za mwanzo zilikuwa na gurudumu lisilopumzika. Rover ile ya 1885 haikuwa na friwili. Kifaa hicho kilienea katika baiskeli za barabarani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo baiskeli ya velodromu ni umbo la kale lililohifadhiwa, ambalo barabara ililiacha na uwanja ukalishika.

Friwili imeundwa kwa pete mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake zipo gololi ndogo. Pete ya ndani imefungwa kwa uzi katika kitovu cha gurudumu, nayo ina kucha mbili zinazosukumwa nje na springi nyembamba. Pete ya nje ndiyo yenye meno yanayoshikwa na mnyororo, na upande wake wa ndani umechongwa meno mengine yaliyolala upande mmoja, mfano wa meno ya msumeno. Mwendeshaji akikanyaga mbele, kucha hujikita katika meno hayo na pete zote mbili huenda pamoja. Akiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka, na kucha huteleza juu ya migongo ya meno zikiruka moja baada ya moja. Hapo ndipo mlio ule unapotoka.

Kutu na mchanga vikiingia, mambo mawili yaweza kutokea. Kucha zikiganda ndani, mwendeshaji hukanyaga bure na baiskeli haiendi. Kucha zikiganda nje, friwili nzima huwa kitu kimoja, na pedali huanza kumsukuma mwendeshaji miguu. Mwenye baiskeli iliyopatwa na hali hii ya pili amekwisha kuonja, bila ya kujua, tabia ya baiskeli ya velodromu. Dawa yake ni ileile ya mafundi: kuifungua, kuiosha kwa mafuta ya taa na kuitia mafuta mepesi, si grisi nzito, maana grisi huzizuia kucha zisiinuke.

Katika baiskeli ya velodromu, gurudumu la meno hufungwa moja kwa moja katika kitovu. Lipo hapa jambo dogo la ufundi. Mwendeshaji akipunguza mwendo kwa kuikaza miguu dhidi ya pedali, mnyororo hulivuta gurudumu la meno kinyume, na uzi wa kawaida ungelegea na kufunguka. Kwa hiyo nje yake hufungwa nati ya pili yenye uzi wa kinyume, ambayo hukazika kwa kani ileile inayotaka kuifungua ile ya kwanza.

Swali la breki sasa laweza kujibiwa. Katika velodromu watu hukimbia wakikaribiana kiasi cha shibiri moja, gurudumu la mbele la mmoja likiwa nyuma tu ya gurudumu la mwenzake. Iwapo mmoja angekuwa na breki na kuifinya ghafla, wote walio nyuma wangemrundikia. Kwa kuwa hakuna mwenye breki, hakuna awezaye kusimama ghafla. Kila mwendo hupungua polepole, na wa nyuma huuona kwa wakati. Yaliyo hatari barabarani ni usalama uwanjani, ila kwa sharti moja: wote wawe sawa. Baiskeli kama hiyo ikiingizwa katika barabara ya Nzega, yenye malori, mbuzi na watoto wa shule, sharti hilo halipo tena.

Uwanja ulioinuka

Velodromu ya kisasa ya mashindano makubwa ina mzingo wa mita 250, na sakafu yake aghalabu ni ya mbao. Penye kona sakafu huinuka upande wa nje kiasi cha nyuzi 42 hivi, mwinuko ambao mtu asiyezoea hawezi kuupanda kwa miguu bila kuteleza. Mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza huogopa mwinuko, na kumbe mwinuko ndio unaomlinda.

Kitu chochote kinachokwenda katika mviringo chahitaji kani ya kukivuta kuelekea katikati. Jiwe lililofungwa kwa kamba na kuzungushwa huvutwa na kamba. Baiskeli haina kamba. Katika barabara tambarare huvutwa na msuguano wa tairi na ardhi, basi. Msuguano ukishindwa, tairi huteleza kuelekea nje na mwendeshaji huanguka. Kona ya nusu kipenyo cha mita 23, kwenye ardhi yenye vumbi ambayo kizigeu chake cha msuguano kikichukuliwa kuwa 0.3, huruhusu kasi isiyozidi mzizi wa pili wa 0.3 × 9.8 × 23, yaani mita 8.2 kwa sekunde, au karibu kilomita 30 kwa saa.

Sakafu ikiinuliwa, hesabu hubadilika. Ardhi sasa humsukuma mwendeshaji si juu tu bali pia kuelekea katikati ya mviringo, na ipo kasi moja ambayo msukumo huo peke yake hutosha, pasipo kuhitaji msuguano wowote wa kando. Kasi hiyo hupatikana kwa kanuni

v² = r × g × tan θ

ambapo r ni nusu kipenyo cha kona, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, na θ ni pembe ya mwinuko. Kwa mita 23 na nyuzi 42, jibu ni mita 14.2 kwa sekunde, yaani kilomita 51 kwa saa. Katika kasi hiyo mwendeshaji aliyelala pembeni kwa nyuzi 42 huhisi kana kwamba yumo katika barabara tambarare, ila amekuwa mzito zaidi.

Ni upole wa mwendo, siyo kasi, unaohitaji tahadhari. Mwendeshaji akienda polepole mno juu ya mwinuko, uzito wake humvuta kushuka, na msuguano lazima umzuie. Kizigeu cha msuguano wa tairi na mbao kikichukuliwa kuwa 0.5, kasi ya chini kabisa isiyoteleza katika kona hiyo ni karibu kilomita 28 kwa saa. Basi mwanafunzi wa velodromu hufundishwa kwanza kuzunguka katika ukanda tambarare ulio chini ya mwinuko, aongeze kasi hapo, ndipo apande hadi mstari mweusi uliochorwa sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani, ambao ndio kipimo cha mzingo. Jambo analoonywa zaidi ni kutoacha kukanyaga. Aliyezoea friwili, akichoka kidogo, mguu hutulia wenyewe kwa mazoea; lakini pedali hazitulii, nazo huweza kumrusha kutoka katika tandiko.

Hewa na mchanga

Tarehe 25 Oktoba 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alizunguka velodromu ya mji wa Mexico kwa saa moja, akaenda kilomita 49.431. Baiskeli yake ilikuwa ya mirija ya chuma na haikufika uzito wa kilo 6. Mbele ilikuwa na meno 52 na nyuma 14. Kila mzunguko mmoja wa pedali ulilizungusha gurudumu mara 3.7, na kwa gurudumu la mzingo wa mita 2.13 mwendo huo ni kama mita 7.9. Akigawanya umbali wote kwa kiasi hicho, mwanafunzi ataona kwamba miguu ile ilizunguka kama mara 104 kwa dakika, kwa dakika 60, bila ya kupumzika hata mara moja.

Mexico ilichaguliwa kwa sababu iko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. (Tabora, iliyo karibu mita 1,200, ina hewa nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, kuvuma kwa upepo wa kiangazi humfanya mwendeshaji asiutambue upungufu huo.) Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na kazi ya kila sekunde ya kuushinda huongezeka kwa kipeo cha tatu. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa hupambana na hewa kwa wati zipatazo mara 37 ya anayekwenda kilomita 15. Kwa mwanariadha wa velodromu hewa ni karibu kila kitu. Ndiyo sababu ya kuinama kwake, na ndiyo sababu rekodi zilizofuata zilitokana kwa sehemu kubwa na maumbo ya kuipasua hewa: Francesco Moser alipofika kilomita 51.151 Januari 1984, magurudumu yake yalikuwa sahani bapa, na Filippo Ganna alifika kilomita 56.792 Oktoba 2022. Kati ya hapo chama cha mbio za baiskeli cha kimataifa kiliwahi kuwarudisha wote katika baiskeli ya mtindo wa Merckx. Mwaka 2000 Chris Boardman, akiwa juu ya mashine ya namna hiyo, alimzidi Merckx kwa mita 10 tu.

Mchukuzi wa Tabora hana ugomvi mkubwa na hewa. Adui yake ni ardhi. Mwenyewe ana kilo 60, baiskeli 20, mzigo 100. Jumla ni 180. Kwenye njia ya udongo laini ambayo kani ya kuzuia mwendo ni, kwa mfano, mbili katika mia za uzito, hukabiliana na nyutoni 35. Kwenye lami kani hiyo hushuka hadi 14 hivi. Sakafu ya mbao ya velodromu, na tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama mti, humwachia mwanariadha nyutoni mbili au tatu tu. Lakini tairi hilo likiwekwa katika mchanga wa Urambo lingezama mara moja, kwa kuwa shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na eneo lake ni dogo mno. Tairi pana la Phoenix au la Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam zamani halikuwa kosa la kiwanda.

Hali kadhalika meno. Baiskeli ya mizigo yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, na gurudumu la mzingo wa mita 2.2, huenda mita 5.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Ni theluthi mbili za mwendo wa Merckx, na kwa hiyo mguu hupata nguvu zaidi ya kuzungusha. Hata hivyo mlima wa mita 5 kwa kila mita 100 huongeza nyutoni 88, na hapo mchukuzi hushuka na kusukuma.

Mteremko wa mlima huohuo ndio wenye hatari. Baiskeli ya kilo 180 ikiwa na kasi ya kilomita 30 kwa saa ina nishati ya mwendo ya jouli 6,250, ambapo baiskeli isiyo na mzigo ingekuwa na 2,780. Nishati yote hiyo lazima igeuzwe joto na vipande vichache vya mpira vinavyobana rimu. Breki zenye kani ya nyutoni 150 zingeisimamisha baiskeli iliyopakiwa, kwenye tambarare, baada ya mita 42. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma hufunikwa na maji na kani ya breki huanguka vibaya sana. Ikianguka hadi 50, pamoja na zile 14 za lami, jumla ni 64, na mteremko unasukuma kwa 88. Breki zimefinywa kwa nguvu zote na bado kasi inaongezeka. Hapo si suala la ushujaa wala uzembe wa mwendeshaji. Hesabu ndiyo iliyokwisha kumshinda kabla hajaanza kuteremka. Wachukuzi wakongwe hawasubiri. Hushuka kileleni, hushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, na kuiteremsha baiskeli kwa hatua.

Jaribio la uwanja wa shule

Kani ya ardhi inayozuia baiskeli yaweza kupimwa shuleni kwa saa ya mkononi na kamba ya kupimia. Chagua sehemu tambarare isiyo na upepo. Mwanafunzi aendeshe kwa kasi ya wastani hadi mstari wa kwanza, kisha aache kukanyaga mpaka baiskeli isimame yenyewe. Pima umbali (s) katika mita, na muda (t) katika sekunde. Upungufu wa kasi kwa kila sekunde ni karibu 2s/t², na ukiuzidisha kwa uzito wa baiskeli na mwendeshaji katika kilo, kani itapatikana katika nyutoni. Rudia kwenye udongo, kwenye majani na kwenye lami, kisha tena baada ya kutia matairi upepo.

Jaribio hili hufanyika kwa baiskeli yenye friwili tu. Ile ya velodromu ingemlazimisha mwendeshaji kuzungusha miguu hadi mwisho, na kipimo kingekuwa cha misuli yake pamoja na cha ardhi.